Bendera moja inatosha: mikia ya vivumishi vya Kijerumani

Swali: "Shikamoo, mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Mombasa, huu ni mwaka wangu wa pili nikijifunza Kijerumani, na nataka kufanya mtihani wa lugha wa ngazi ya B2 ili nikafanye kazi Ujerumani. Vitenzi navimudu. Kinachonishinda ni vivumishi. Naambiwa der gute Mann, halafu ein guter Mann, halafu mit dem guten Mann, kisha naona guter Wein na mit gutem Wein. Nimepewa majedwali matatu nikariri. Nikishika hili, lile linanitoka. Kuna mantiki yoyote hapa, au ni kukariri tu mpaka mwisho?"

Marahaba, mwanangu. Mantiki ipo, tena ni moja tu, na wewe uliyekulia kwenye Kiswahili uko karibu nayo kuliko unavyodhani. Ukihesabu vijumba vya majedwali yako matatu utapata 48: nafasi nne za uhusika, yaani kazi ya nomino katika sentensi, na kila nafasi ina kiume, kike, kati na wingi, hizo ni 16, mara tatu. Lakini mikia inayojaza vijumba vyote hivyo ni mitano peke yake: -e, -en, -er, -es na -em. Ndiyo maana kila ukikariri jedwali moja lingine linatoka. Unajaribu kukumbuka mikia mitano ileile katika vijumba 48 bila kujua kila mmoja umefika pale kwa sababu gani.

Tuanzie kwetu. Chukua sentensi hii: Kile kitabu changu kizuri kimepotea. Hesabu alama ya ngeli. Ki-le, ki-tabu, ch-angu, ki-zuri, ki-mepotea. Mara tano katika maneno matano. Kiswahili hakichoki kurudia. Kila neno linalokihusu kitabu linavaa sare ya kitabu, na mtoto wa miaka mitatu anafanya hivyo bila kufundishwa.

Mjerumani naye ana ngeli zake. Anaziita jinsia, nazo ni tatu: ya kiume (der), ya kike (die) na ya kati (das). Ana upatanisho pia. Ila upatanisho wake unakwenda kinyume cha wetu. Sisi msafara mzima unavaa sare. Kwake mmoja akishashika bendera, wengine wanatembea mikono mitupu. Mein schönes Buch ist weg: alama ya kati ni ile -es ya schönes, basi. Mein haina kitu, Buch haina kitu, ist haina habari na jinsia ya mtu. Ukisema das schöne Buch, alama imehamia kwenye das, na schöne imebaki na -e isiyosema lolote.

Hiyo ndiyo mantiki uliyoiuliza. Bendera ibebwe mara moja. Artikeli, yaani neno dogo kama der au ein linalotangulia nomino, ikiibeba, kivumishi kipumzike. Artikeli isipoibeba, au isipokuwepo, kivumishi kiibebe. Mengine yote nitakayokueleza ni matawi ya mti huu.

Bendera yenyewe inatangaza mambo mawili kwa pamoja: jinsia ya nomino, na kazi ya nomino katika sentensi. Hiyo kazi ndiyo Wajerumani wanaiita Kasus, na wanasarufi wetu uhusika. Nominativi ni mtenda, akuzativi ni mtendwa, dativi ni mtendewa, genitivi ni mwenye mali. Angalia jinsi Kiswahili kinavyolitatua jambo lilelile: Nimemnunulia mama kitabu. Umejuaje kwamba mama ndiye mtendewa? Kitenzi kimekwambia, kwa -m- na kwa kauli ya kutendea, nunulia. Mjerumani hana kauli ya kutendea ya aina hiyo. Anasema Ich habe der Mutter ein Buch gekauft, na habari yote ya "nunulia" imekaa kwenye der. Naomba uikumbuke sana hii, kwa sababu wanafunzi wetu wengi wanaiona dativi kama adhabu iliyobuniwa na walimu. Ni kazi mnayoifanya kila siku kwenye kitenzi. Yeye anaifanya kwenye neno dogo linalotangulia nomino.

Sasa bendera zenyewe. Zikariri kwa neno dieser, "huyu, hiki", kwa sababu linazionyesha wazi. Kiume: dieser, diesen, diesem, dieses. Kike: diese, diese, dieser, dieser. Kati: dieses, dieses, diesem, dieses. Wingi: diese, diese, diesen, dieser. Mpangilio ni nominativi, akuzativi, dativi, genitivi. Hilo ndilo jedwali pekee ninalokuomba ulikariri kwa moyo, kama ulivyokariri jedwali la kuzidisha. Lina vijumba 16, na vingi vinafanana.

Tuone artikeli inaposhika bendera. Hapa kivumishi kina mikia miwili tu, -e na -en, na kuna kipimo kimoja cha kujua uweke upi. Jiulize: nomino iko katika umoja, na artikeli imebaki kama ilivyo kwenye kamusi? Kama ndiyo, weka -e. Der gute Mann, die kleine Schule, das alte Buch. Na kwa sababu kike na kati hazibadiliki katika akuzativi, ich sehe die kleine Schule, ich lese das alte Buch. Hizo ni nafasi tano. Artikeli ikishageuka tu, au ukiingia kwenye wingi, kila mahali ni -en: den guten Mann, dem guten Mann, des guten Mannes, in der kleinen Schule, mit dem alten Buch, die alten Bücher. Vijumba 16 vya jedwali la kwanza vimekwisha, na hukukariri hata kimoja.

(Schule nimeichagua kwa makusudi. Neno letu shule limetoka humo, tangu enzi za utawala wa Wajerumani Tanganyika. Unaposema shule una Kijerumani mdomoni tayari.)

Liko neno jingine la enzi hizo ninalopenda kufundishia, nalo ni hela. Mwaka 1904 serikali ya koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki ilianza kutumia sarafu iliyoitwa Heller, Heller 100 kwa rupia moja. Sarafu ilikwenda na wenyewe, jina likabaki, na mpaka leo Mtanzania hana pesa, ana hela. Wajerumani nao wamelitunza neno hilo katika msemo mmoja unaosikika sana: Ich habe keinen roten Heller, "sina hata hela moja nyekundu", yaani sina hata senti. Nyekundu ni ile rangi ya shaba.

Uchukue msemo huu uugeuzegeuze mkononi, maana ndani yake mna jedwali lako la pili lote. Heller ni ya kiume. Sema ein roter Heller. Neno ein hapa halina mkia. Haliwezi kukwambia kama kinachokuja ni cha kiume au cha kati, kwa sababu ein Heller na ein Buch vinafanana kabisa. Bendera imeanguka chini, kivumishi kinaiokota: roter. Nenda akuzativi: keinen roten Heller. Sasa kein imepata mkia wake, -en, bendera ya akuzativi ya kiume. Artikeli imegeuka, kwa hiyo kivumishi kinachukua -en ya kupumzika. Mikia miwili inafanana kwa bahati, na bahati hiyo imewaponza wengi: wanadhani kivumishi kinaiga artikeli. Dativi inaumbua kosa hilo mara moja. Mit einem roten Heller kaufst du nichts. Bendera ni -em, iko kwenye einem, na kivumishi kinabaki -en. Anayeiga ataandika mit einem rotem Heller, na hapo msahihishaji ataweka alama nyekundu. Genitivi: der Wert eines roten Hellers. Vilevile.

Kwa hiyo jedwali la pili, la ein, kein, mein, dein, sein na ndugu zao, linatofautiana na la kwanza katika nafasi tatu tu, zile ambazo ein inatembea bila mkia: nominativi ya kiume (ein roter Heller), nominativi ya kati (ein altes Buch) na akuzativi ya kati (ich lese ein altes Buch). Tatu, basi. Kwingine kote ni jedwali la kwanza lenyewe.

Hapa kuna mtego ninaouona kwenye madaftari mwaka hadi mwaka, hata kwa wanafunzi hodari. Neno unser, "-etu", linaishia na -er. Mwanafunzi anaiona ile -er, anadhani ndiyo bendera, anaandika unser kleine Garten. Hapana. Hiyo -er ni mwili wa neno, kama -er ya Butter. Unser ni ndugu wa mein, na katika nafasi zile tatu haina mkia wowote: unser kleiner Garten, unser altes Haus. Sawa na euer. Nikisahihisha insha, unser ndiyo neno la kwanza ninaloliangalia, kwa sababu hapo ndipo unapoonekana kama mtu ameelewa kanuni au amebahatisha.

Jedwali la tatu ndilo linalowatisha watu zaidi, nami nasema ndilo jepesi kuliko yote. Hakuna artikeli kabisa, kwa hiyo kivumishi kinabeba bendera chenyewe, ileile ya dieser, bila kubadilisha. Dieser Tee, schwarzer Tee. Diese Milch, heiße Milch. Dieses Wasser, kaltes Wasser. Mit diesem Wasser, mit kaltem Wasser. Mit dieser Milch, mit heißer Milch. Ndiyo maana umeona mit gutem Wein: ile -em ya dem ilikosa wa kuibeba, kivumishi kikaipokea. Wanasarufi huuita umbo hili stark, lenye nguvu, na lile la kupumzika schwach, dhaifu. Majina hayo aliyatoa Jacob Grimm, mmoja wa wale ndugu wawili wa hadithi, katika sarufi yake iliyoanza kutoka mwaka 1819. Ni majina mazuri ukiyaelewa hivi: mwenye nguvu ndiye anayebeba.

Kuna nafasi mbili tu zinazotoka nje ya mstari, genitivi ya kiume na ya kati. Ungetegemea -es ya dieses, lakini utasikia trotz starken Regens, "licha ya mvua kubwa", na der Geruch frischen Kaffees, "harufu ya kahawa iliyotoka jikoni sasa hivi". Kwa nini -en? Tazama mwisho wa nomino: Regens, Kaffees. Ile -s ya nomino ndiyo bendera. Imekwisha kubebwa, kwa hiyo kivumishi kimepumzika. Hata kinachoitwa kighairi kinaitii kanuni ileile. Kike na wingi, ambazo nomino zake hazipati -s, zinabaki na bendera kwenye kivumishi: wegen großer Hitze, wegen starker Schmerzen. Umbo hili la genitivi ni la maandishi zaidi. Mtu akikupa maji mkononi atasema ein Glas kaltes Wasser; ein Glas kalten Wassers utaisoma kwenye riwaya.

Maneno mengi ya jedwali hili unayo kichwani tangu wiki ya kwanza ya darasa, ila hukuambiwa ni nini. Guten Morgen ni akuzativi ya kiume, kwa sababu kuna "nakutakia" iliyomezwa: ich wünsche dir guten Morgen. Gute Nacht ni gute kwa kuwa Nacht ni ya kike. Vielen Dank, herzlichen Glückwunsch, guten Appetit, zote kiume, zote akuzativi. Schönes Wochenende, kati. Gutes neues Jahr: vivumishi viwili mfululizo vinabeba sawasawa, hakuna mkubwa wala mdogo.

Na jozi hii naomba uiandike ukutani. Siku ya kuzaliwa Mjerumani anakwambia Alles Gute! Akikuletea habari njema anasema ana etwas Gutes. Kwa nini moja Gute, nyingine Gutes? Alles ina -es mwishoni, bendera ya kati imeshabebwa. Etwas haibebi kitu. Ile -s yake ni ya kuzaliwa nayo. Kwa hiyo Gutes inabeba. Nichts Neues, viel Schönes, etwas Warmes, zote hivyo. Ukiweza kumweleza mwenzako tofauti ya alles Gute na etwas Gutes, umelielewa somo zima.

Wingi una wasiwasi wake mmoja. Alle, keine, diese, meine zinabeba bendera, kwa hiyo alle neuen Kollegen, keine neuen Kollegen, meine neuen Kollegen. Lakini viele, einige, mehrere na wenige, ingawa nazo zina mkia, Mjerumani anazihesabu kama vivumishi vya kawaida, hivyo zinabeba pamoja na jirani yao: viele neue Kollegen, einige alte Patienten. Tarakimu hazina mkia, kwa hiyo zwei neue Kollegen. Ukiitanguliza artikeli, die zwei neuen Kollegen. Hapa sina kipimo cha ujanja cha kukupa. Viele na wenzake watatu uwakumbuke kwa majina.

Tuje kwenye vihusishi, maana hapa Kiswahili kinaweza kukupotosha. Sisi tuna -ni moja. Naenda sokoni, niko sokoni: neno ni lilelile, kitenzi ndicho kinachosema kama unakwenda au umeshafika. Mjerumani anaiweka tofauti hiyo kwenye artikeli. Ich gehe auf den großen Markt, akuzativi, kwa kuwa kuna mwendo kuelekea pale. Ich bin auf dem großen Markt, dativi, kwa kuwa umeshatulia. Vihusishi vinavyofanya hivi ni tisa: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Kila unapotaka kusema -ni kwa Kijerumani, simama kidogo ujiulize, nakwenda au nipo? Angalia pia kwamba kivumishi hakijali: großen, großen. Artikeli ndiyo imehangaika.

Baadhi ya vihusishi, vya kundi hili na vingine, humeza artikeli. In dem inakuwa im, an dem inakuwa am, zu dem zum, bei dem beim, zu der zur. Mwanafunzi anatazama im, haoni artikeli, anakumbuka "bila artikeli kivumishi kinabeba", anaandika im kaltem Wasser. Kosa hili ni la mtu anayefikiri vizuri lakini hakuona kilichofichwa. Ile m ya im ndiyo m ya dem. Bendera imebanwa humo ndani, lakini ipo. Im kalten Wasser, am nächsten Tag, zum ersten Mal, zur alten Schule. Fananisha mit kaltem Wasser na im kalten Wasser, uziseme kwa sauti mpaka sikio lizoee.

Sasa twende wodini, maana ndiko unakokwenda. Hii ni sentensi ya ripoti ya kupokezana zamu, jinsi muuguzi anavyoweza kumweleza mwenzake:

Der alte Patient hat hohes Fieber, klagt über starke Schmerzen im linken Bein und trinkt nur warmen Tee mit frischer Milch.

Mzee huyu ana homa kali, analalamika maumivu makali kwenye mguu wa kushoto, na anakunywa chai ya moto kiasi tu, yenye maziwa mabichi. Vivumishi sita, mikia minne ya umbo tofauti ukiondoa marudio. Pita navyo pole pole. Alte: artikeli der iko kama kwenye kamusi, kwa hiyo -e. Hohes: hakuna artikeli, Fieber ni kati, hat inataka akuzativi, kwa hiyo bendera -es, na hoch hupoteza c yake ikipata mkia. Starke: wingi, hakuna artikeli, akuzativi kwa sababu ya über, bendera -e. Linken: im imebeba, kivumishi kimepumzika. Warmen: Tee ni kiume, akuzativi, hakuna artikeli, bendera ni -en ya diesen. Frischer: mit inataka dativi, Milch ni kike, bendera ni -er ya dieser.

Hiyo frischer ndiyo inayowasumbua watu kuliko zote. Wanaiona -er, kichwa kinasema "kiume", mkono unasita. Lakini -er ina kazi nne: nominativi ya kiume, dativi ya kike, genitivi ya kike, na genitivi ya wingi. Ni kama m- yetu, ambayo ipo kwenye mtu na ipo kwenye mti, na hakuna Mswahili anayechanganya mti mrefu na mtu mrefu, kwa sababu nomino yenyewe anaijua. Shida si -er. Shida ni kutojua kwa hakika kwamba Milch ni ya kike.

Kwa hiyo badilisha namna unavyoandika msamiati. Acha kuandika der Tee, die Milch, das Fieber. Andika schwarzer Tee, heiße Milch, hohes Fieber, trockener Husten, hoher Blutdruck. Kivumishi kikitembea bila artikeli kinabeba jinsia waziwazi, na unapata mambo mawili kwa bei ya moja. Kisha ipeleke kila moja kwenye dativi kwa mit au bei: mit schwarzem Tee, mit heißer Milch, bei hohem Fieber, bei trockenem Husten. Mimi nimefundisha kwa njia zote mbili, na wanaojifunza hivi huacha kufungua jedwali mapema zaidi. Maneno kumi kwa siku, kwa sauti, yanatosha.

Patient ana jambo lake. Ni mmoja wa nomino za kiume zinazopata -en au -n kila mahali isipokuwa nominativi ya umoja: den alten Patienten, dem alten Patienten, des alten Patienten. Wenzake utakaokutana nao kazini ni der Kollege, der Junge, der Herr (huyu katika umoja, nje ya nominativi, ni Herrn), na der Name, ambaye genitivi yake ni des Namens. Nomino nyingine nyingi hazibadiliki sana: -s au -es kwenye genitivi ya kiume na ya kati, na -n kwenye dativi ya wingi, mit den kleinen Kindern, isipokuwa kama wingi wenyewe unaishia na -n au na -s, mit den neuen Autos.

Na kuna watu ambao majina yao ni vivumishi vilivyovaa herufi kubwa: der Kranke, mgonjwa, der Verletzte, majeruhi, die Angehörigen, jamaa wa mgonjwa, hata der Deutsche. Hawa wanafuata kanuni ya bendera kana kwamba nomino bado ipo nyuma yao. Der Kranke schläft, lakini ein Kranker schläft. Die Angehörigen warten, lakini Angehörige warten draußen. Mit dem Verletzten, mit einem Verletzten. Ukiwa wodini utayatumia haya kila saa, kwa hiyo yape muda kuliko msamiati wa likizo na wanyama wa mwituni uliomo vitabuni.

Mawili ya haraka. Kivumishi kikija baada ya sein, "kuwa", hakipati mkia kabisa: das Fieber ist hoch, die Schmerzen sind stark. Sisi tunapatanisha hata hapo, kitabu ni kizuri, vitabu ni vizuri, ndiyo maana ulimi wa Mswahili hutaka kuongeza kitu. Usiongeze. Na vipo vivumishi visivyopokea mkia popote: rosa, lila, na vile vya miji, vor dem Kölner Dom, in der Hamburger Innenstadt. Hivi havitakushangaza, kwa kuwa tuna safi, ghali na hodari: chumba safi, vyumba safi, nyumba ghali, mtoto hodari.

Kwenye mtihani wako utaandika barua au baruapepe rasmi. Itaanza Sehr geehrte Damen und Herren: hakuna artikeli, ni wingi, geehrte imebeba -e ya diese. Ukimwandikia mtu mmoja, Sehr geehrter Herr, kwa sababu ni kiume na hakuna mwingine wa kubeba. Sehr geehrte Frau kwa mwanamke. Katikati pengine utaandika mit großem Interesse habe ich Ihre Anzeige gelesen: Interesse ni kati, mit ni dativi, bendera -em iko wazi kabisa kwenye kivumishi. Ihre peke yake inatosha hapo. Ukitaka kuongeza kwamba tangazo ni jipya, Ihre neue Anzeige, kike, artikeli haijageuka, -e. Na mwishoni, juu ya jina lako, Mit freundlichen Grüßen. Mit ni dativi. Grüße ni wingi. Artikeli hakuna, kwa hiyo -en ya diesen imebebwa na freundlichen, na Grüße imeongeza -n yake ya dativi ya wingi.

Usiku huu kabla ya kulala chukua ile sentensi ya mzee mwenye homa, umbadilishe awe bibi: die alte Patientin. Kisha iandike tena ukianza na Eine alte Patientin, na tena ukianza na Ein alter Patient. Mwishoni mwongezee mguu wa pili, in beiden Beinen, halafu tazama ni neno gani sasa linabeba bendera ya dativi ya wingi. Niandikie utakachopata.